Walijua tangu mwezi wa tano, mimi nimejua mwezi wa saba

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nafanya kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi Vingunguti, karibu na Barabara ya Nyerere. Tunapokea marumaru, masinki na rangi, tunawapakilia wenye maduka na mafundi wakubwa. Nilianza kama karani wa kupokea mzigo, nikakaa miaka sita. Mwezi wa pili mwaka huu nikapandishwa kuwa msimamizi wa ghala. Nina watu 14 chini yangu, wengi wanaume. Watano wamenizidi umri, na mmoja wao, tunayemwita Babu, yupo pale tangu ghala linafunguliwa.

Siku naanza cheo, bosi aliniita akaniambia mambo mawili. La kwanza, nisile tena na wenzangu chini ya mkungu kwa mama lishe, maana ukila nao hawatakuogopa. La pili, mzigo unaovunjika umezidi, anataka kuona unapungua. Nikayashika yote. Nikaanza kula ofisini. Nikaweka utaratibu kwamba katoni ikivunjika, zamu nzima inakatwa hela. Anayekosea, kosa lake nalipiga picha nalirusha kwenye grupu la WhatsApp la ghala, na jina lake, ili wengine wajifunze. Mzigo ukiwa mwingi nawapa nusu saa tu ya kula. Barua za onyo nimeshaandika sita. Na Babu, ambaye miaka yote nilikuwa namwamkia asubuhi, niliacha. Nikawa namwambia "habari za kazi" kama wengine, kwa sababu niliona msimamizi kumpa shikamoo mpakuaji mbele ya watu kutanishusha.

Ripoti zangu zikawa nzuri. Kutoka katoni ishirini na kitu kwa mwezi tukashuka mpaka moja au mbili. Tangu mwezi wa tatu nimekata katoni saba tu, shilingi 28,000 kila moja, jumla 196,000. Bosi alinisifu kwenye kikao.

Mwisho wa mwezi wa saba tukahesabu mzigo wote. Tulipofika paleti za nyuma kabisa nikavuta katoni moja, ikalia ndani kama vigae vya sahani. Ilikuwa imefungwa seloteipu vizuri, kona iliyopasuka imegeuziwa ukutani. Tukashusha paleti nzima, tukashusha na ya pili. Katoni 37. Wiki hiyohiyo fundi mmoja wa Kibaha akarudisha mzigo wake, katoni tisa zimepasuka.

Nikamuuliza Babu mbele ya watu wote. Akanijibu taratibu: "Bosi, sisi tulijua tangu mwezi wa tano." Kumbe kuna kishimo kwenye sakafu, pale mlangoni pa kushushia mzigo. Gurudumu la toroli likidumbukia, katoni za chini zinagongana. Kila mtu alikuwa anakijua isipokuwa mimi.

Mama, nilienda kulia chooni, na si kwa ajili ya marumaru. Babu zamani alikuwa ananiita mwanangu.

Nikiingia ghalani wananyamaza, nikitoka nasikia vicheko. Nisipokuwepo siku moja kazi inalala. Rafiki yangu niliyeanza naye kazi anachelewa kila Jumatatu, nikimsemesha ananiambia nimesahau tulikotoka. Nataka wanisikilize hata kama sipo. Lakini nikilegeza, bosi ataniona siwezi. Nifanye nini?

Msimamizi, Gongo la Mboto

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: "tulijua tangu mwezi wa tano". Wewe unaniuliza ufanyeje watu wakusikilize. Mimi nataka kwanza tuzungumze ufanyeje wakuambie. Mtu anayekuletea habari mbaya mapema, tena bila kuitwa, huyo ameshakukubali kuwa kiongozi wake. Kwako zimechukua miezi miwili, na hapo ni kwa sababu mlivuta katoni wenyewe.

Tuanze na makato, maana ndiyo yaliyofunga midomo. Hebu jifanye wewe ni kijana uliyeangusha katoni saa nne asubuhi. Ukisema, unapoteza hela yako, na wenzako wa zamu wanapoteza yao, na jioni unapanda nao daladala moja mpaka Gongo la Mboto wakikuangalia. Usiposema, ukafunga seloteipu ukageuza kona ukutani, siku inaisha salama. Wewe mwenyewe ulipokuwa karani ungechagua lipi? Wale watu si wezi na si wakaidi. Wamefuata utaratibu ulivyowaelekeza. Zile katoni saba ulizokata ni zile zilizovunjika ukiwa unatazama.

Tena makato yenyewe yana tatizo la kisheria ambalo huenda bosi wako hakukuambia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mtu aliyekuwa anapanga rangi upande wa pili wa ghala hana kosa kwa katoni iliyoanguka mlangoni. Na mlangoni pana shimo, ambalo ni la mwenye ghala. Watu hao wakienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, utakaa wewe na bosi wako upande wa kujibu maswali. Kwa hiyo hela hizo 196,000 zirudi kwa wenyewe. Najua si rahisi kumwambia bosi hivyo, nitakueleza namna.

Nusu saa ya chakula nayo iache. Sheria hiyohiyo inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mzigo ukizidi, omba ovataimu ilipwe inavyotakiwa, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Usiufidie mzigo wa kampuni kwa wali wa mpakuaji.

Kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitegemea wodi zenye wauguzi wanaoelewana na viongozi wazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi hizo ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba kule watu walikuwa wanayasema. Kwingine yalikuwepo vilevile, yamefichwa. Nilipofika pale ulipoandika "ripoti zangu zikawa nzuri", nilizikumbuka wodi hizo. Mwezi ujao ukianza kubadilika, ripoti yako itachafuka. Katoni zitarudi kuwa kumi, kumi na tano. Mwandae bosi mapema asije akadhani umeharibu kazi.

Na hivi ndivyo utakavyomwendea. Usiende na machozi wala na neno "heshima", nenda na karatasi. Andika: tulichokata ni 196,000. Tulichopoteza ni katoni 37 mara 28,000, yaani 1,036,000, bila mzigo wa Kibaha na gari lililoupeleka na kuurudisha. Chanzo ni kishimo ambacho mfuko mmoja wa saruji unakiziba, na ghala limejaa vifaa vya ujenzi. Hatukukijua kwa sababu aliyekisema angekatwa. Naomba tusitishe makato ya zamu, turudishe tulichokata, na kila kinachovunjika kiandikwe pamoja na sababu yake. Kisha nyamaza umwache apige hesabu. Bosi anayeogopa hasara ataielewa karatasi hiyo kuliko hotuba yoyote. Akikataa kurudisha hela, mwonyeshe hicho kifungu cha 28, kwa adabu.

Sasa linakuja gumu kuliko bosi: kuomba radhi.

Mimi nilikuwa msimamizi wa mstari kwenye kiwanda cha kushona hapa mjini, miaka mingi iliyopita. Siku moja nilimfokea binti mmoja mbele ya mashine zote, nikamwita mvivu, kwa sababu kola za mashati zilitoka zimepinda. Jioni nikagundua wakataji ndio waliokosea, yeye alishona alivyoletewa. Nikamvuta pembeni, nyuma ya marobota ya vitambaa, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini. Akaniangalia, akasema, "Nimekusamehe dada. Ila ulinitukana mbele ya watu, umeniomba radhi nyuma ya marobota." Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Kesho yake kabla mashine hazijawashwa nilisimama palepale nilipomfokea, nikalirudia mbele ya wote. Dakika moja haikufika. Wiki ile ile mama mmoja wa mstari wa nyuma alinifuata kuniambia mkanda wa mashine yake umeanza kukatika. Nilikuwa naye mwaka mzima, hakuwahi kunifuata kwa lolote.

Kwa hiyo wewe ulimuuliza Babu mbele ya watu. Mbele ya watu haohao, asubuhi kabla ya gari la kwanza, sema: utaratibu wa makato niliuweka mimi, ulikuwa makosa, nimeuondoa. Picha nilizorusha kwenye grupu zilikuwa makosa, nimezifuta. Kishimo kinazibwa siku fulani. Usijieleze, usimtaje bosi, usiseme "lakini na nyinyi". Ukishatia "lakini" hapo, wataondoka na "lakini" tu. Na usingoje makofi. Watanyamaza, na wengine watadhani ni mtego. Waache wakupime, wana haki hiyo baada ya barua sita.

Kisha Babu. Mwanangu, mpe mzee shikamoo yake. Kesho asubuhi, getini, kwa sauti ya kawaida. Nimeona wakurugenzi wa mji huu wakishusha kioo cha gari kumwamkia mlinzi mzee, na hakuna aliyesahau nani ni mkurugenzi. Shikamoo ni ya umri, haihusiani na cheo, na kila mtu pale ghalani analijua hilo. Walichokiona siku ulipoiacha ni kwamba cheo kimekufanya ufute kitu ulichofundishwa na mama yako. Pengine hilo limekugharimu kuliko barua zote za onyo. Usitegemee akuite mwanangu siku hiyohiyo. Ataitikia marahaba, na marahaba inatosha kuanzia.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili, John French na Bertram Raven, walizigawa nguvu za mtu juu ya wenzake katika mafungu matano: cheo, uwezo wa kutoa zawadi, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na kule kupendwa na kuheshimiwa mpaka watu watake kuwa kama wewe. Barua ya bosi ya kukupandisha cheo ilikupa matatu ya mwanzo. Mawili ya mwisho hayapo kwenye barua ya mtu, na pale ghalani ameyashika Babu. Usipigane naye. Kaa naye juu ya paleti, muulize kazi ilivyo: mzigo gani unapangwa chini, dereva yupi anafunga turubai vibaya, sakafu inamwaga maji upande gani mvua za masika zikija. Mwombe awafundishe vibarua wapya kupanga marumaru. Na wazo likiwa lake, mbele ya bosi litaje kwa jina lake. Ila asiwe jasusi wako. Ukianza kumuuliza nani alisema nini, utampoteza yeye na wengine wote siku moja. Wala asiwe msimamizi wa pili. Ushauri pokea, uamuzi utoe wewe, na ukienda kinyume na ushauri wake mwambie kwa nini.

Chini ya mkungu rudi, lakini si kila siku. Mara mbili kwa wiki yatosha. Kula sahani yako, lipa yako, na usiwanunulie soda watu wote, maana wataona unanunua mahaba. Ukimaliza ondoka wewe kwanza. Wafanyakazi wanahitaji muda wa kumsema msimamizi wao, hata msimamizi mzuri.

Bosi amekuambia ukila nao hawatakuogopa. Ni kweli hawatakuogopa. Marehemu baba yangu alifanya kazi kiwandani, enzi Barabara ya Nyerere ingali inaitwa ya Pugu. Alitusimulia jinsi Mwongozo wa TANU wa 1971 ulivyopokelewa na wafanyakazi, kwa sababu ulisema kiburi na dharau ni mwiko kwa kiongozi. Miaka iliyofuata, viwandani humu Dar es Salaam, watu waligoma na kuwafungia milango mameneja wao, na mara nyingi madai hayakuwa mshahara. Walikuwa wamechoka kutukanwa. Baba alisema mameneja waliofungiwa nje ndio waliokuwa wanaogopwa zaidi.

Kuhusu rafiki yako wa Jumatatu, huyo usimwonee na usimwogope. Mwite peke yake, muulize kwanza Jumatatu kuna nini. Huenda anatoka Chanika na mtoto wa kumpeleka shule, huenda ni starehe za Jumapili. Kama kuna shida ya kweli, angalia kama zamu inaweza kusogezwa, na ukimsogezea yeye, mwingine mwenye shida kama yake apate vilevile. Kama hakuna, mwambie wazi: urafiki wetu uko palepale, saa ya kuingia ni moja kwa wote. Akirudia, onyo linamhusu. Kanuni za utendaji bora kazini za 2007 zinaichukulia adhabu kama njia ya kumrekebisha mtu, kwa hiyo onyo lianze kwa mdomo, liwe na sababu, na mtu asikilizwe. Ukiangalia zile barua zako sita, ngapi zilipita njia hiyo? Zisizopita ziondoe kwenye majalada. Kulegeza ni kumwacha rafiki achelewe huku ukimwadhibu mwingine. Hilo la kumuuliza na kisha kushika msimamo si kulegeza, na wote 14 wataliona.

Jambo dogo lakini usilidharau: tafuta kidaftari cha mfukoni. Wapakuaji wako lazima kuna kitu walichowahi kuomba, glavu, maji ya kunywa, taa ya nyuma, kikapotelea ofisini. Liandike ombi mbele yao, mpe mtu siku ya kumjibu, na siku hiyo ikifika rudi na jibu hata kama ni hapana. Watu wamezoea kuambiwa "nitalifuatilia". Msimamizi anayerudi kusema "nimeomba glavu, bosi ameahirisha mpaka mwezi ujao, tarehe 5 namkumbusha" ni nadra sana katika mji huu, na watamfanyia kazi hata akiwa likizo.

Sasa jiandae na siku moja ambayo itakuja, pengine baada ya mwezi, pengine miwili. Atakuja kijana, yule mwoga kuliko wote, atasimama mlangoni kwa ofisi yako ameshika kofia: "Bosi, nimeangusha sinki." Dakika hiyo ghala zima litakuwa linasikiliza kuliko siku ya kuomba radhi. Muulize kwanza kama ameumia. Halafu nenda naye mpaka lilipoangukia, mwache akuonyeshe lilivyotoka mkononi, na umshukuru kwa kukuambia, wengine wakisikia. Bei ya sinki mtaizungumza baadaye. Lazima utakuwa umeudhika siku hiyo, bosi atakuwa amepiga simu, gari litakuwa limechelewa kutoka bandarini. Muulize hivyohivyo.

Niandikie tena uniambie kishimo kimezibwa tarehe ngapi, na Babu ameitikiaje.